Vitabu vya Sheria Vilivyopanda Mlima kwa Msaragambo

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nilianza kubeba magunia ya vitunguu stendi ya Same nikiwa na elimu ya darasa la nne na kaptura moja. Leo nina fuso tatu na duka la vifaa vya ujenzi ambalo ukiingia unaweza kutoka na nyumba nzima, ukabaki kutafuta mke tu. Nimeona samaki wa Ziwa Jipe akifika Same bado anapumua, na nimeona mheshimiwa akifika Jipe akaondoka bila kuahidi kitu. Kwa hiyo mpwa wangu aliponipigia simu kutoka Dar es Salaam kunieleza kwamba kuna watu wa ng'ambo wametoa vitabu vya sheria bure, na kwamba anataka vifike hadi kijijini kwetu milimani, sikushangaa. Niliuliza uzito.

Mpwa huyu ni binti wa marehemu dada yangu. Ni mwanasheria. Nimemsomesha mimi tangu kidato cha kwanza, na nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yeye mwenyewe halisemi hilo mara nyingi inavyotakiwa. Alikuwa amewaandikia walimu wake wa zamani huko nje, nao wakamwunganisha na kikundi kinachokusanya vitabu kutoka kwa mawakili na majaji wastaafu na kuvituma Afrika. Akanisomea barua yao kwenye simu. Ilisema vitabu hivyo ni vya kusaidia elimu ya sheria na demokrasia. Nikamwambia arudie neno la mwisho. Akarudia. Nikamwuliza hiyo iko boksi la ngapi.

Alicheka, halafu akaniambia maboksi ni arobaini na moja, na kanisa kijijini limempa chumba kilichokuwa stoo ya mbegu. Wanafunzi wetu wanaosoma sheria wangesomea pale wakati wa likizo, pamoja na wasaidizi wa kisheria wa kata, wale wanaowaandikia watu malalamiko yao. Nikamwambia fuso langu litabeba bure. Akaniuliza bure ya namna gani. Ananijua; mimi siwashi injini bure.

Na kweli haikuwa bure. Wakati ule nilikuwa na jambo moja tu moyoni, nyumba. Kijijini kwetu, juu ya mji mdogo wa Mwembe, kuna mahali ambapo ukisimama unaiona Same yote chini na barabara kuu na malori yakipita kama siafu. Baba yangu alikufa katika nyumba inayovuja, hatua mia tatu kutoka hapo. Nilikuwa nimenunua kiwanja pale kwa binamu yangu na kumwaga msingi wa ghorofa, ghorofa ya kwanza ya kijiji. Tatizo lilikuwa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa na mababu kwa mikono. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Ya kwetu ilikuwa imejaa matope miaka mingi, imeota matete. Mimi nilitaka kuifukia niweke uwanja wa kugeuzia magari. Nilikwisha kumwaga kifusi lori sita.

Kamati ya ndiva ikanizuia. Na nani alikuwa mbele? Shangazi yangu mwenyewe, dada wa baba, mwenye shamba la maharage na mboga chini ya ndiva hiyohiyo, aliyekuwa akichota maji kwa ndoo tangu matope yaliposhinda. Jambo letu lilikuwa linasubiri mkutano mkuu wa kijiji. Wakikataa, nyumba imekufa.

Wenzetu wa Moshi hutucheka kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wacheke. Mimi nilifikiri hivi: maboksi arobaini na moja, yote sheria. Haiwezekani humo ndani ukakosekana ukurasa mmoja wa kunifaa.

Nilikwenda Dar mwenyewe kusimamia upakiaji. Mfuko wa saruji naujua hata nikifumba macho, lakini yale maboksi yalikuwa mazito kuliko umbo lake. Moja lilikuwa limechanika pembeni. Nikalifungua, nikatoa kitabu chenye jalada jekundu na maandishi ya dhahabu. Kilinuka kama kabati la sakristia. Kiingereza kitupu. Kiingereza changu ni cha chini ya gari, klachi na gia na eksozi, na hakuna hata kimoja kilichotajwa mle. Nilikuwa nakirudisha nikaona penseli.

Pembeni mwa kurasa, kwa mwandiko mdogo, mtu alikuwa ameweka alama za kuuliza. Ukurasa huu mbili, ule moja, unaofuata tatu. Alama ya kuuliza haina Kiingereza, hata mimi naisoma. Nikakaa juu ya boksi huku wapakizi wakimaliza kazi. Maisha yangu yote nimejua kwamba sheria inasema, wewe unatii, au unampa aliyeishika kitu kidogo akuache upite. Sasa huyu mtu, msomi, mwenye kitabu cha dhahabu, alikuwa anakihoji kitabu chake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, kama mke wangu anavyoihoji risiti. Alikuwa anauliza nini? Alijibiwa?

Kitabu hicho kilikaa mapajani mwangu safari nzima. Korogwe dereva aliniuliza kama nimeokoka.

Juu mlimani mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo tuliyashusha maboksi dukani kwangu Same. Mpwa wangu akaja na basi, akakaa juu ya mifuko ya saruji siku tatu akipanga. Mimi nilimpelekea chai na chapati, na kila chai ilikuwa na swali lake. La kwanza lilikuwa la mwenye penseli. Akafungua ukurasa wa mbele, akaona jina, akatazama karatasi zilizokuja na mzigo. Alikuwa jaji, akasema. Amefariki. Mjane wake ndiye aliyetoa vitabu.

"Jaji naye anauliza?"

"Jaji ndiye anayeuliza kuliko wote, mjomba."

Nililitafuna hilo hadi jioni. Kesho yake akaniambia kwamba vitabu vingi ni vya sheria za kwao, na baadhi ya sheria hizo zimeshafutwa. Nikamwambia kumbe wametutumia magazeti ya jana. Hakubisha. Aliweka kando maboksi manne, akasema hayo nikitaka nifungie misumari. Lakini mengine, akasema, yanafundisha namna ya kuhoji: mtu asiye na kitu anavyoweza kuisimamisha serikali mbele ya jaji, na jaji akalazimika kueleza kwa maandishi kwa nini amemkubalia au amemkatalia. Nikamwuliza kwa nini aeleze, si ni jaji? Akasema ndiyo maana ya vitabu vyote hivi. Sikuelewa vizuri, ila niliacha kufikiria misumari.

Katika mzigo kulikuwa na maboksi mawili ambayo hayakutoka ng'ambo. Hakimu mmoja mstaafu wa Dar alikuwa ameyaongeza: sheria zetu wenyewe, nyingi kwa Kiswahili. Haya nilitamani kuyabusu. Nikamweleza mpwa wangu habari ya ukurasa wangu. Hakuinua uso.

"Nitakusomea kilichoandikwa, mjomba. Kisichoandikwa sitaweza."

Nikachukulia amekubali. Mtu akitaka kusikia ndiyo, hata kikohozi ni ndiyo.

Mvua ilipotulia tukapanda. Mbele ya Mwembe, kwenye kona ambapo maji yalikuwa yamekula kalavati, fuso lilizama tairi za nyuma hadi ekseli. Kijiji kilikuwa bado kilomita mbili juu. Bodaboda wawili walisimama, wakatazama tope, wakatuombea heri. Wingu jeusi lilikuwa linashuka, na turubai langu, ambalo nilikuwa nimejisifu nalo tangu Chalinze, lilikuwa na tundu la kupita kichwa cha mbuzi.

Mwenyekiti wa kitongoji alishuka kwa miguu kuja kutuona. Akalizunguka gari, akatema mate, akasema hapa ni pembe tu.

Pembe huitia msaragambo. Ni kazi ya pamoja ya Wapare: pembe ikilia, kila kaya inatoa mtu, iwe kujenga darasa, kuzibua mfereji au kumshusha mgonjwa kwa machela. Usipofika unatozwa faini. Mimi nilikuwa sijafika miaka kumi na moja. Faini nilikuwa natuma kwa simu, na mwaka mmoja nilituma ya mwaka mzima mapema, nikajiona mstaarabu. Mwenyekiti aliniambia pembe haipigwi mpaka mwenye shida atamke. Nikatazama wingu, nikatazama maboksi. Nikatamka.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kama Mpare, maana mtu wa kabila lingine asingejua hata pa kukosea. Kuna jambo la msaragambo ambalo nililijua tangu utoto na nilikuwa nimelisahau kwa sababu ya kulipa faini.

Walishuka. Wanawake walitoka mashambani na majembe mabegani, walimu wakaja, kwaya ikaja na sare zake kwa kuwa ilikuwa mazoezini. Desturi ni kwamba aliyeitisha ndiye wa kwanza kubeba. Nikatengenezewa ngata ya majani makavu ya mgomba, nikapandishiwa boksi kichwani, mimi mwenye fuso tatu. Shangazi alikuja pia, na ana zaidi ya miaka sabini. Nikamwamkia shikamoo nikiwa chini ya boksi, akaitika marahaba bila kusimama. Alichukua vitabu vitatu, akavifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, akatangulia.

Nyuma yangu mama mmoja aliniuliza kama nimelibeba boksi au limenibeba.

"Mwacheni," mwingine akasema, "hajazoea kitu kisicho na usukani."

Mwalimu mmoja akauliza mzigo ni wa nini. Nikajibu ni sheria. Akasema ndiyo maana zinaumiza shingo. Mlima mzima walikula makande ya maneno, na maharage nilikuwa mimi.

Tulipofika, mpwa wangu alitaka maboksi yaingizwe chumbani na mlango ufungwe hadi rafu zitengenezwe na siku ya ufunguzi ipangwe. Mimi nilikuwa na hamu na siku hiyo. Nilitegemea kuwa mgeni rasmi. Suti ilikuwa kwa fundi. Shangazi akafungua kanga yake, akakaa kwenye benchi, vitabu vitatu mapajani.

"Hatuondoki hatujajua tumebeba nini," akasema.

Mpwa wangu akamweleza kwa heshima zote kwamba kuna utaratibu. Shangazi akamkatisha.

"Kinachobebwa na msaragambo si cha mtu. Aliyekitolea jasho ana haki ya kukiuliza."

Hilo ndilo nililokuwa nimelisahau. Matofali ya shule, bomba la zahanati, kila kilichopanda kwa pembe ni cha wote tangu kinapotua chini. Na aliyeitisha pembe nilikuwa mimi. Wote walinitazama waone kama nina la kusema. Nilikuwa nafuta tope shingoni.

Basi likafunguliwa boksi la Kiswahili, watu wakaanza kuuliza. Mama mmoja aliuliza kama mume anaweza kuuza shamba la familia bila kumwambia mkewe. Mpwa wangu akatafuta, akasoma taratibu, na mama yule akaomba asomewe tena, kisha akamtazama mumewe aliyekuwa mlangoni. Kijana wa bodaboda aliuliza habari ya kuwekwa mahabusu bila kuambiwa kosa. Akasomewa. Nilisimama ukutani nikashangaa, sawa, nilishangaa kidogo, kwa sababu nilichokuwa nakiona ndicho nilichokiona Dar kwenye kile kitabu chekundu. Alama ya kuuliza, halafu alama ya kuuliza. Tofauti ni kwamba hizi zilikuwa na sauti, na zilinuka jasho.

Ndipo shangazi akauliza lake. Hakunitazama mimi. Alitazama kitabu.

"Kinasemaje kwa anayejenga ukingoni mwa maji?"

Kila mtu mle ndani alijua ni lori la nani lililomsomesha binti aliyeshika kitabu. Alitafuta muda mrefu, nami nikaomba Mungu asipate. Akapata. Akasoma kwamba hairuhusiwi kufanya shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji, na bwawa likiwemo. Akakifunga kitabu kidole chake kikiwa ndani.

"Mita sitini, mjomba," akaniambia, kwa sauti ileile aliyokuwa akiniombea ada.

Mimi sikuzaliwa jana. Nikajibu kwamba ile ndiva ilikufa zamani, haina maji, ina matope. Je, sheria inalinda matope? Watu wakaguna, na hata mpwa wangu alikiri kwamba hilo ni swali zuri. Akasema niende nalo kwenye mkutano mkuu, ambako kila mtu mzima wa kijiji ana sauti, na wakinikatalia, kuna baraza la ardhi, sheria inanipa njia hiyo pia. Nikamwuliza sauti ngapi. Moja, akasema. Nikamwuliza na shangazi? Naye moja. Mimi ninayelipia bendera ya shule, na yeye mwenye majembe mawili, kila mmoja sauti moja. Nilitembea na hesabu hiyo hadi kwenye gari, na kila nilivyoigeuza ilikuwa ileile.

Mkutano ulikuwa baada ya wiki mbili. Nikakiazima kitabu cha Kiswahili. Shangazi, aliyekuwa amejipa ulinzi wa chumba bila kuchaguliwa na mtu, akanitaka niandike jina kwenye daftari, akalikagua ingawa hajui kusoma.

Nilikisoma dukani, nyuma ya kaunta. Mtu wa darasa la nne anasoma polepole, lakini gari la polepole ndilo linaloona mashimo. Nilikuwa natafuta mlango wa kutokea. Nikachukua penseli ya fundi seremala na kila niliposhuku nikaweka alama yangu ya kuuliza, kubwa, kama ndoano ya buchani. Bwawa ni nini? Likikauka bado ni bwawa? Nani anapima, na anaanzia wapi? Wateja waliuliza bei ya nondo nikawaambia wasubiri. Wakili mmoja wa pale Same, Mpare mwenzangu, nilipomweleza swali la matope macho yake yaliwaka. Akasema kesi hiyo inaweza kwenda miaka mingi na kufika mbali. Aliitamani kuliko mimi.

Lakini lile swali la nani anapima lilinikera. Nikachukua futi ya kamba ya mita hamsini na nyingine ya mita kumi, nikapanda mlimani siku ya kazi watu wakiwa mashambani. Mpwa wangu alinishikia upande wa msingi, mimi nikashuka kuelekea ndiva. Futi ya pili haikuhitajika. Kutoka pembe ya msingi wangu hadi ukingoni ni mita kumi na nne. Nikapima tena. Kumi na nne. Mara ya tatu niliingia ndani kabisa ya matope, nikitafuta ukingo wa zamani ambao labda ungenisaidia, buti likazama. Nikalivuta. Tundu lililobaki likajaa maji.

Nikasimama nikaliangalia. Maji safi, ya baridi, yakipanda kutoka chini taratibu. Nikakanyaga kando, nikavuta. Nalo likajaa. Nikakanyaga la tatu, la nne. Mpwa wangu aliniuliza kutoka juu ninacheza nini. Nikakanyaga la tano. Swali langu zuri kuliko yote, ambalo wakili alilitolea macho, lilikuwa limejibiwa na buti.

Siku ya mkutano walikuja hata watu wa kijiji cha jirani kuangalia ugomvi, na mahindi ya kuchemsha mikononi. Nikasimama. Nikasema nimepima mwenyewe, ni mita kumi na nne, na ndiva ina maji. Nikasema msingi nitauvunja. Nilisikia mahindi yakiacha kutafunwa.

Shangazi akanyoosha mkono.

"Na kifusi?"

"Nacho nitakitoa."

"Kwa faini au kwa koleo?"

Watu walicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Nikajibu kwa koleo. Kisha nikaomba jambo moja, kwamba pamoja na kukubali kwangu, kura ipigwe, kwa sababu kitabu kinataka hivyo na mimi nimekisoma, na wengi wao hawajakisoma. Mikono ikapanda kuikataa nyumba yangu. Na wangu niliupandisha. Mpwa wangu alinikodolea macho. Nilitaka tu kujua mkono wa namna hiyo una uzito gani, na nawaambia ninyi ambao hamjawahi, ni mzito kuliko boksi.

Nilichimba Jumamosi nne, pembe ikilia na msaragambo ukizibua matope pamoja nami. Ya tano nilikuwa Moshi kufuata mzigo, nikatozwa faini, shangazi akaidai kwa tabasamu. Maji yalifunguliwa kwake asubuhi ya zamu ya kwanza, akaniletea mchicha, fungu dogo, akasema nisizoee. Kitabu nilikirudisha na alama zangu za penseli humo. Mpwa wangu alitaka kuzifuta, nikamkataza. Kuna mtu atakuja kukaa juu ya boksi siku moja ajiulize mimi nilikuwa nani.

Nyumbani mke wangu akakunja miguu kwenye kochi akaniuliza vile vitabu vya bure vimetugharimu kiasi gani. Nikamwambia nyumba nitaijenga, chini kidogo, mita sabini na mbili, nimekwisha pima. Akasema hakuuliza nyumba. Basi nikamtajia: mafuta kutoka Dar, ekseli ya fuso, kuvunja msingi na saruji iliyokufa nao, rafu za mninga za chumba cha vitabu ambazo hakuna aliyeniomba ila mchwa hawasubiri ombi, na faini ya Jumamosi moja. Akajumlisha yeye, kwa kuwa ananizidi madarasa matatu. Wa Moshi wakisikia watapata la kusema mwaka mzima, maana ng'ombe wameuzwa, mahakamani sikufika, na kuku mwenyewe nilimpigia kura aondoke. Jumla yake: shilingi milioni tisa, laki nne, elfu kumi na saba na mia tano.